Ramani ya nyuzi, 750 hadi 850: ilipofikia

Machi

Plaiwudi iko ukutani, imepakwa nyeupe, na nchi zimechorwa kwa penseli kuanzia Cordoba (Hispania) upande wa kushoto hadi Chang'an, mji mkuu wa China wa zama zile, upande wa kulia. Misumari midogo ya fundi viatu ndiyo miji. Kipindi ni miaka 100 tu. Kingekuwa kirefu zaidi ningelazimika kuazima na ukuta wa jirani.

Uzi mwekundu ni vita, kijani ni ujumbe au mapatano, njano ni biashara. Rangi za dini hazimo. Najua ndivyo ramani nyingi zinavyopakwa, Uislamu huku na Ukristo kule, lakini zinaficha jambo ninalotaka lionekane: wakubwa wa zama zile walimtafuta rafiki kwa kuangalia nani anapakana na adui yao.

Aprili: upande wa magharibi

Mwaka 750 ukoo wa Bani Abbas uliwang'oa Bani Umayya kwenye ukhalifa na kuwaua wengi wa ukoo ule. Abd al-Rahman wa Bani Umayya aliponyoka, akapita Afrika Kaskazini, na mwaka 756 akajisimika Cordoba. Hapo pande nne zikatimia. Baghdad, mji mkuu wa Bani Abbas ulioanza kujengwa mwaka 762, inapigana na Konstantinopoli, makao ya kaisari wa Roma ya Mashariki (Bizanti), kwenye mpaka wa Anatolia (Uturuki ya leo). Cordoba inapigana na Wafaranki, watawala wa nchi zilizo Ufaransa na Ujerumani ya leo, kuvuka milima ya Pyrenees. Wafaranki na Konstantinopoli wanagombea Italia. Baghdad na Cordoba, Waislamu kwa Waislamu, hawatazamani usoni. Hizo zote ni nyekundu, na zimezunguka ukingoni. Nilipofunga za kijani zikakatiza katikati kama kamba za teremka tukaze: Wafaranki kwa Baghdad, Konstantinopoli kwa Cordoba.

Uzi wa Wafaranki na Baghdad ndio ulionishika zaidi. Mfalme Pippin alituma wajumbe kwa khalifa al-Mansur mwaka 765, wakarudi baada ya miaka mitatu. Mwanawe, Karolo Mkuu, akatuma wengine kwa Harun al-Rashid mwaka 797. Wakubwa wawili wa msafara walifariki njiani. Aliyerudi ni Myahudi aitwaye Isaac, na alirudi na tembo. Jina la tembo lilikuwa Abul-Abbas. Aliingia Aachen, makao ya Karolo, mwaka 802, akaishi na Wafaranki hadi 810, akafa wakati Karolo akijiandaa kupigana na mfalme wa Wadenmaki. Nimemchonga kwa soli ya kandambili na kumning'iniza kwenye uzi.

Ila kuna jambo. Habari zote hizi zinatoka kwa waandishi wa Kifaranki. Wanahistoria wa Kiarabu wa zama zile hawamtaji Karolo wala tembo. Kwa Aachen ule ulikuwa ujumbe wa kujivunia. Kwa Baghdad pengine alikuwa mgeni mmoja kati ya wengi waliopita barazani. Kwa hiyo uzi nimeukaza upande wa Aachen na kuuacha umelegea upande wa Baghdad. Mgeni akiuliza mbona umelegea, nampa kiti.

Mwekundu wa Konstantinopoli na Baghdad una kisa chake. Malkia Irene alikuwa akilipa kodi kwa khalifa. Nikephoros I alipompindua mwaka 802, akagoma kulipa na kudai zilizolipwa zirudishwe. Harun akavuka mpaka, na mwaka 806 akauteka mji wa Heraclea. Mwandishi wa Kigiriki Theophanes anasema mapatano yalikuwa sarafu 30,000 za dhahabu kila mwaka, na juu yake tatu kwa ajili ya kichwa cha kaisari mwenyewe na tatu kwa kichwa cha mwanawe. Kaisari kulipa kodi ya kichwa! Nadhani hizo sita ziliuma kuliko zile 30,000.

Nikephoros huyohuyo hakutaka kumtambua Karolo, aliyevishwa taji la ukaisari na Papa Leo III sikukuu ya Krismasi mwaka 800. Walipigania Venice. Ni mwaka 812, baada ya Nikephoros kuuawa na Wabulgari, wajumbe wa Konstantinopoli walipomwita Karolo kaisari mbele ya watu kule Aachen. Hapo nimesokota nyekundu na kijani pamoja.

Ule wa Konstantinopoli na Cordoba ni mwembamba. Kaisari Theophilos, akiwa amepokonywa mji wa Amorium na khalifa al-Mu'tasim mwaka 838, alimwandikia Abd al-Rahman II akimtaka washirikiane dhidi ya Baghdad. Alijibiwa kwa heshima zote, akapelekewa mshairi al-Ghazal kama balozi. Jeshi hakupelekewa.

Mei: mashariki

Huku nimekwenda haraka, maana msumari wa Chang'an uko pembeni mno na nyuzi zinabanana. Vita vya Talas, 751: jeshi la Tang, ukoo uliotawala China, chini ya Gao Xianzhi lilishindwa na Waarabu baada ya washirika wake, kabila la Wakarluk, kugeuka. Watu hupenda kusema mateka wa Talas ndio waliowafundisha Waarabu kutengeneza karatasi. Sijaweka alama ya karatasi hapo. Samarkand ilikuwa ikiitumia kabla ya vita.

Miaka sita tu baadaye, 757, wapiganaji kutoka nchi za khalifa walikuwa miongoni mwa waliomsaidia mfalme wa Tang, pamoja na Wauyghur, watu wa nyika za kaskazini, kuirudisha Chang'an kutoka kwa waasi wa jenerali An Lushan. Kwa hiyo kati ya misumari hiyohiyo miwili kuna mwekundu na kijani. Watibet wakauteka mji huo mwaka 763 kwa siku chache. Mapatano yao na Tang ya 821 na 822 yalichongwa kwenye nguzo ya jiwe iliyopo Lhasa hadi leo, kwa lugha zote mbili.

Juni: uzi wa njano

Mmoja wa mateka wa Talas, Du Huan, alikaa miaka mingi katika nchi za Waarabu, kisha mwaka 762 akarudi China kwa jahazi la wafanyabiashara. Njia yake ndiyo uzi wangu wa kwanza wa njano: Ghuba ya Uajemi, India, bandari ya Guangzhou kusini mwa China. Jahazi la Kiarabu lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, lilikutwa na maelfu ya vyombo vya udongo vya China, bakuli moja likiwa na tarehe ya mwaka 826. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, ufundi uleule wa mtepe wa Lamu.

Kwa sababu hiyo nimeongeza kipande cha plaiwudi chini, ili Unguja Ukuu ipate msumari. Wachimbuaji wamekuta pale vigae vya China na vya Ghuba vya zama hizihizi. Uzi wake unapanda hadi Ghuba, kisha unaungana na ule wa Guangzhou.

Umebaki mmoja ulionisumbua. Offa, mfalme wa Mercia kule Uingereza, alitengeneza sarafu ya dhahabu kwa kunakili dinari ya al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, shahada ikiwemo, kisha akagonga OFFA REX katikati ya maandishi ya Kiarabu, kichwa chini miguu juu. Fundi wake hakuwa akiisoma Kiarabu, hilo liko wazi. Si ujumbe, si mapatano, na hakuna vita. Nimempa njano.