Wasiite ajali

Mdogo wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba hapa Lubumbashi, Kongo. Bomba la asidi ya salfuriki, ile inayoyeyusha shaba kutoka kwenye mawe, lilikuwa likivuja. Vijana walimwambia shefu. Akajibu: "Mufunge na mupira, tuendelee." Glavu zilikuwa zimetoboka, maji ya kuoshea yako mbali, ng'ambo ya ua. Mpira ukaachia, asidi ikamuunguza mdogo wangu mpaka kwenye kiwiko.

Kampuni inasema ni ajali. Nakataa! Shefu aliambiwa mapema, kwa mdomo, mbele ya watu. Kifungu cha 259 cha sheria yetu ya kiraia, tangu 1888, kinamwajibisha kila mtu kwa madhara ya uzembe wake. Kesho nampeleka mdogo wangu kwa inspekta wa kazi, pamoja na wenzake waliosikia.