Nilivyoingia Kabbalah kwa abjadi ya babu

Mara ya kwanza nilikosea mlango. Nilisikia Kabbalah ni elimu ya siri ya Mayahudi, nikapakua Zohar, kitabu chake kikuu, kwenye simu, tafsiri ya Kiingereza, nikaanza ukurasa wa kwanza kama asomaye gazeti. Waridi kati ya miiba, marabi wanatembea njiani huko Galilaya wakibishana juu ya aya ya Torati, mara nuru, mara funguo. Siku ya tatu nikaacha. Nikahamia kwenye video, huko nako nikamkuta mtu anauza uzi mwekundu wa kufunga mkononi. Nikasema haya ni yale yale, hirizi kwa jina jingine.

Kilichonirudisha ni herufi. Nimekulia Tanga, na babu yangu alikuwa anajua falaki. Mtu akija na shida, babu humuuliza jina lake na la mama yake, kisha huzigeuza herufi kuwa hesabu. Sisi wajukuu tulikariri kama wimbo: abjad, hawaz, huti, kalaman. Maana yake hatukuijua. Sasa siku moja nikakuta jedwali la Kiebrania: alef, bet, gimel, dalet, he, vav, zayin. Nikasoma kwa sauti mpaka kaf, lamed, mem, nun, na ulimi haukukwama hata mara moja. Ni mpangilio ule ule! Kiebrania kina herufi 22 na kinaishia tav, ambayo hesabu yake ni 400. Kiarabu kinaongeza sita, kinafika 1000.

Nikachukua kalamu. "Mmoja" kwa Kiebrania ni ehad: 1, 8, 4. Jumla 13. Ahad ya Kul huwa Llahu ahad: 1, 8, 4. Nayo 13. Upendo, ahava: 1, 5, 2, 5. 13 tena. Na 13 mbili ni 26, hesabu ya zile herufi nne za jina la Mungu ambalo Mayahudi hawalitamki: 10, 5, 6, 5. Hesabu hii ya herufi wao huiita gematria. Usiku ule nilichelewa kulala mpaka saa nane.

Tangu hapo nikaanza na maneno, vitabu baadaye. Neno Kabbalah linatoka kwenye mzizi wa kupokea, ule ule uliotupa "kubali" na kabuli ya bwana harusi. Nyuma ya kalenda nikachora duara kumi za sefirot, yaani njia kumi ambazo Mungu asiye na mwisho, Ein Sof, hujidhihirisha. Juu Keter, yaani taji, chini Malkhut. Kando ya Hokhma nikaandika hekima, kando ya Gevura nikaandika Jabari, kando ya Malkhut mamlaka. Hesed ikanitega. Kwa kufuata sauti niliandika "husuda", kumbe ni wema na fadhila. Ndiyo maana Hasidi wao ni mcha Mungu na hasidi wetu ni mtu wa kijicho. Nilikata kwa wino mwekundu, na mkato upo mpaka leo.

Historia niliipata kwa Gershom Scholem, msomi wa Kabbalah, aliyeonyesha kwamba Zohar si ya Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2, bali ilitoka Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kwa Moses de León. Kuna habari ya zamani kwamba alipofariki mwaka 1305 watu walimwendea mjane wake wakitaka nakala ya kale, naye akasema hapakuwa na kitabu chochote, mume wake alikuwa akiandika kutoka kichwani mwake, ila angetaja jina lake mwenyewe nani angelipa? Nilicheka peke yangu. Babu naye kila dawa alisema ni ya wazee.

Nilipokwama sana ni kwa Rabi Isaac Luria, aliyefundisha Safed, mji wa Galilaya, kama miaka miwili tu akafariki mwaka 1572 akiwa na miaka 38. Mafundisho yake aliyaandika mwanafunzi wake Chaim Vital. Luria anauliza: kama Mungu amejaa kote, ulimwengu uliwekwa wapi? Jibu lake ni tzimtzum, Mungu alijikunja. Nilisoma mara tano sikuambulia kitu. Kisha tukawa msibani, chumba kimejaa, mama mmoja akabisha hodi. Hakuna aliyetoka. Kila mtu alikunja magoti kidogo, na nafasi ikapatikana mkekani. Rabi huenda angenisahihisha, lakini baada ya hapo hata habari yake ya vyombo vya nuru ya Mungu vilivyopasuka na cheche zilizotawanyika, ambazo binadamu ana kazi ya kuziokota, ilisomeka.

Desturi ya Mayahudi wengi ilikuwa kutomfungulia elimu hii aliye chini ya miaka 40. Mimi nina 43, basi sikuiba. Mwezi uliopita nikaifungua Zohar tena, ukurasa ule ule wa kwanza nilioutupa, nusu ukurasa kwa usiku, kalenda pembeni. Anayesema pale ni Rabi Hizkiya. Anasema waridi lile ni jumuiya ya Israeli, lina wekundu na weupe kama hukumu na rehema. Na petali zake ni 13.