Hofu ya upasuaji wa kujifungua: nilivyoivunja vipande vipande

Upasuaji wa dharura humkuta mama akiwa hana nafasi ya kuwaza. Wa kupangwa una tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mara nyingi wiki ya 39 ili mapafu ya mtoto yawe yamekomaa vya kutosha, na kati ya leo na tarehe hiyo kuna usiku mwingi. Hofu hunenepa katika nafasi hiyo. "Usiogope, siku hizi ni jambo la kawaida" ni maneno ya upendo, lakini hayajibu swali lolote, na kadiri nilivyoyaomba ndivyo utulivu wake ulivyozidi kuwa mfupi. Kilichonisaidia ni kuacha kutafuta wa kunituliza, nikaivunja hofu mpaka kila kipande kikawa na swali lake, mtu wa kulijibu, na jambo la kufanya.

Chukua karatasi, igawe safu tatu. Safu ya kwanza ni unachoogopa, kwa maneno mahususi. "Naogopa upasuaji" hairuhusiwi, kwa kuwa hakuna anayeweza kufanya lolote na sentensi hiyo. Yangu ilikuwa hivi: sindano ya mgongo (ile ya ganzi), kuhisi kisu, kushindwa kupumua, kutapika nikiwa chali, kuvuja damu, kuwa uchi mbele ya watu, mtoto kutolia, uchungu kuanza kabla ya tarehe. Safu ya pili ni nani mwenye jibu. Hapa wengi huteleza: wanamuuliza mkunga kila kitu, ilhali angalau nusu ya hofu hizo ni za daktari wa usingizi, yule wa ganzi na nusukaputi, ambaye mama wengi humwona kwa mara ya kwanza asubuhi ya upasuaji wenyewe. Omba kliniki ikupangie kuonana naye mapema, na ukifika mbele yake taja hofu waziwazi. Mgonjwa anayetabasamu na kuitikia "sawa, daktari" hupewa maelezo mafupi.

Safu ya tatu ni utakachofanya wewe. Yapo maswali yasiyo na jibu la ndiyo au hapana, na kubwa kuliko yote ni "je, nitakufa?" Ukiliuliza hivyo utapata kutulizwa tu. Liulize kwa njia nyingine: mmejiandaa vipi nikivuja damu? Jibu lenye maana litagusa kupima kundi la damu na kuwa na akiba yake, kanula (mrija mdogo wa dripu) ya kutosha mkononi, oksitosini inayotolewa mara mtoto akitoka ili mji wa mimba ujikaze, na dawa nyingine za kufuata kama huo haujikazi. Maandalizi unaweza kuyashika akilini, ahadi huwezi.

Sindano ya mgongo ndiyo iliyokuwa juu ya orodha yangu, na nadhani ni hivyo kwa wengi. Mambo hufuatana hivi. Unakaa ukingoni mwa kitanda cha upasuaji, miguu juu ya kistuli, umekumbatia mto, kidevu kifuani, mabega yamelegea, kiuno kimesukumwa nyuma. Mkao huo hufungua nafasi kati ya pingili za uti wa mgongo. Mgongo ukinyooka au mabega yakipanda, sindano hugonga mfupa na daktari hulazimika kujaribu tena. Mara nyingi hapo ndipo zinapotoka habari za "nilichomwa mara nyingi". Ngozi hupakwa dawa ya baridi sana. Sindano ndogo ya ganzi ya ngozi huwasha kwa sekunde chache, kisha sindano yenyewe, ambayo ni nyembamba mno, huhisiwa zaidi kama msukumo kuliko kuchomwa. Ukipata mshtuko kama wa umeme kwenye mguu mmoja, usiruke; sema "kulia" au "kushoto", daktari atasogeza sindano. Dawa inayoingia ni kama mililita 2 hadi 3 tu. Miguu hupata joto, halafu uzito, na kwa kawaida ndani ya dakika 5 hadi 10 huwezi kuinyanyua.

Kabla ya kisu, ganzi hupimwa kwa barafu au dawa ya kupuliza yenye baridi, kuanzia mapajani kwenda juu. Baridi inatakiwa ipotee hadi karibu na usawa wa chuchu. Usijikaze kuwa mgonjwa mwema hapa. Kama bado unahisi baridi upande mmoja, sema. Hujamchelewesha mtu, na kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili hiyo hiyo.

Mkao nilikuwa nikiufanyia mazoezi nyumbani, jioni, ukingoni mwa kitanda, na mtu akinibandika kitambaa chenye maji baridi kiunoni bila kunihesabia. Hiyo "bila kunihesabia" ni muhimu, maana kinachomrusha mtu ni kushtuka, na mwili ukishauzoea ubaridi wa ghafla mabega hayapandi. Pamoja na mkao nilifanya pumzi: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, dakika 10, mara mbili kwa siku. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu wakati wa kutoa ndipo mapigo ya moyo hupungua. Wanaovuta pumzi kubwa kubwa za haraka hujidhuru bila kujua: hewa ya kaboni hupungua kwenye damu, vidole na midomo huanza kufa ganzi, nao hudhani dawa imepanda hadi kichwani. Pumzi inayojifunzwa asubuhi ya upasuaji haisaidii. Ianze wiki kadhaa kabla, ili mwili uifanye wenyewe.

Kuna wanaozimia wakiona sindano au damu. Hao kulegea pekee hakuwafai, kwa kuwa shida yao ni presha kuanguka. Wakati wa kuwekewa kanula, kaza misuli ya mapaja na ya mkono usiochomwa kwa sekunde 10 hadi 15, achia kwa sekunde 20 hadi 30, rudia mara tano. Usifanye hivyo wakati wa sindano ya mgongo, kwani hapo misuli inatakiwa ilegee.

Baada ya ganzi mwili hutoa ishara zinazofanana na hofu, na asiyejua huogopa mara mbili. Kichefuchefu cha ghafla mara nyingi ni presha iliyoshuka. Mwambie daktari wa usingizi papo hapo, ataongeza dawa kwenye dripu, na mara nyingi huondoka ndani ya dakika moja au mbili. Ndiyo sababu pia kitanda huinamishwa kidogo kushoto, ili mji wa mimba usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kutetemeka, wakati mwingine mpaka meno yanagongana, hutokana na joto la mwili kutoka kupitia mishipa iliyopanuka. Omba blanketi ya joto, wala usijilaumu. Kifua kuwa kizito ndiko kunakotisha zaidi: misuli ya mbavu imetiwa ganzi, ubongo haupati taarifa kwamba kifua kinapanda, ingawa kiwambo cha chini ya mapafu kinaendelea na kazi. Jipime kwa kusema sentensi nzima kwa sauti na kubana mkono wa mtu. Ukiweza yote mawili, hewa inaingia. Sauti ikiwa mnong'ono au vidole vikiishiwa nguvu, toa taarifa mara moja.

Sasa kisu. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi mguso. Utahisi kuvutwa na kusukumwa, kama mtu anayepekua mkoba uliowekwa juu ya tumbo lako, na mtoto anapotolewa msaidizi husukuma sehemu ya juu ya tumbo kwa nguvu hasa. Aliyeahidiwa "hutahisi chochote" huingiwa na kiwewe hapo. Basi kubalianeni maneno mawili kabla: "mvuto" maana yake naarifu tu, endeleeni, "maumivu" maana yake simameni. Muulize daktari wa usingizi, nikisema maumivu utafanya nini? Jibu linalotosheleza huanza na kusimamisha upasuaji pale inapowezekana, halafu dawa ya ziada kwenye dripu, na mwishowe nusukaputi kama haitoshi. Mimi nilitaka kusikia neno hilo la mwisho likitamkwa. Kujua kwamba mlango wa kulala kabisa upo kulinipa utulivu kuliko kuambiwa hautahitajika.

Kutoka chale ya kwanza hadi mtoto ni kama dakika 5 hadi 10, zaidi kidogo kwa mwenye makovu ya upasuaji uliopita. Kushona huchukua dakika 30 hadi 40. Watu hujiandaa kwa ile sehemu fupi na kusahau ile ndefu, na katika kushona ndipo hofu hurudi kwa sababu hakuna tena cha kusubiri. Weka kitu hapo: mtoto kifuani kama hali inaruhusu, nyimbo, au mtu wa kuzungumza nawe. Mtoto asipolia mara moja haimaanishi ameharibika; wengine huchukua muda kidogo, wengine hupelekwa kwenye meza ya joto kukaushwa na kuchunguzwa. Kinachoumiza ni ukimya wa watu, kwa hiyo omba mapema mtu mmoja atajwe kuwa ndiye atakayekuambia kinachoendelea.

Hofu ya mahali niliipunguza kwa ngazi. Andika hatua kuanzia ile inayokutisha kwa 2 juu ya 10 hadi ya 8: kusoma maelezo ya upasuaji, kutazama picha ya chumba kitupu cha upasuaji, kusikiliza mlio wa mashine ya mapigo ya moyo, kupita kwenye korido yake, kuingia kama unaruhusiwa. Kaa kwenye hatua mpaka hofu ishuke angalau nusu, ndipo uondoke. Ukikimbia ikiwa kileleni, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho ngazi ileile itakuwa ndefu zaidi. Video za upasuaji wenyewe sikuziweka kwenye ngazi. Mama yuko nyuma ya pazia, hataona hayo, sasa kuyafanyia mazoezi ni kwa faida ya nani? Kusaka habari usiku ni kosa la aina hiyo hiyo: swali likija baada ya jua kutua, linaingia kwenye karatasi, linamngoja mwenye jibu lake.

Maombi yako yaandike nusu ukurasa, si zaidi, maana thieta, chumba cha upasuaji, hakuna wa kusoma kurasa tatu. Kuelezwa kila hatua au kunyamaziwa. Pazia libaki juu au lishushwe mtoto akitoka. Mpira wa mkojo uwekwe baada ya ganzi, si kabla. Mwili ufunikwe mpaka dakika ya kupakwa dawa. Yale maneno mawili ya makubaliano.

Siku yenyewe, masharti ya kawaida ni kutokula chochote kwa saa 6 na kutokunywa hata maji kwa saa 2 za mwisho. Fuata ulichoambiwa kama ni tofauti. Usijinyoe mwenyewe, wembe huacha michubuko inayoingiza vijidudu. Ondoa rangi ya kucha, kifaa cha kupima oksijeni huweza kusoma vibaya juu yake. Usimeze kidonge cha usingizi au cha wasiwasi ambacho hukuandikiwa, kwani baadhi huvuka kondo na kumfanya mtoto azaliwe mlegevu. Kisha jiandae kungoja. Dharura hupita mbele, na wa saa 2 asubuhi anaweza kuingia saa 8 mchana. Hofu ya mwenye njaa ni kali kuliko ya aliyeshiba. Ukisogezwa mbele, uliza kama unaruhusiwa maji tena. Mara nyingi unaruhusiwa, ila hakuna anayekumbuka kukuambia.

Uchungu ukianza au chupa ya uzazi ikipasuka kabla ya tarehe, acha kula, piga simu, nenda mara moja. Vitu viwe vimefungwa tangu wiki ya 36, na karatasi yako iwe humo.

Baadaye, dawa za maumivu zifuate saa, zisisubiri maumivu. Yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Kuamka ni kwa kulalia ubavu kwanza, kushusha miguu, kisha kujisukuma kwa mkono. Kukohoa na kucheka ni kwa kubana mto juu ya kidonda. Kusimama mara ya kwanza kuwe na nesi pembeni. Kichwa kikiuma ukikaa na kupoa ukilala, mwite daktari wa usingizi, huenda tundu la sindano linavuja maji ya uti wa mgongo, na lina tiba. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, homa, kidonda kutoa usaha au damu kuloa pedi nzima ndani ya saa moja hayangoji kesho.

Kama kabla ya upasuaji hulali kabisa, unaruka kliniki, au picha za uzazi uliopita zinakurudia mchana kweupe, karatasi haitoshi. Mwambie mkunga kwa maneno hayo hayo akuelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili, tena mapema, maana mazungumzo hayo huhitaji wiki. Na kabla ya kuruhusiwa nyumbani, mwombe daktari aliyekupasua akuambie mji wa mimba ulikatwa kwa mlalo au kwa wima, kulitokea nini kisichotarajiwa, na mimba ijayo isubiri muda gani. Yaandike nyuma ya karatasi ileile uliyoanzia.