Aliyeshuka Ngomo na anayeangushwa na mzunguko wa Uingereza

Inaudhi sana kusikia mwalimu wa udereva wa huku Uingereza akisema kwamba mtu wetu wa Kongo hajui kuendesha. Mtu aliyeshuka Ngomo, mteremko mkali wa njia ya Bukavu na Uvira, kwenye matope, gari limejaa mizigo ya Uvira, malori yakipanda mbele yake, anajua kuendesha. Asichokijua ni mzunguko wa huku, yaani rond-point. Na hapo ndipo watu wa Goma na Bukavu wanapoacha pauni 62, bei ya mtihani wa barabarani siku za kazi, karibu dola 80. Jioni na wikendi ni 75. Makosa madogo unavumiliwa hadi 15, lakini kosa kubwa likiwa moja tu umeanguka, unalipa upya na kungoja tarehe nyingine.

Kwetu tunashika kulia. Rond-point Chukudu na Signers za Goma tunazizunguka kinyume cha mshale wa saa, na gari la kukugonga linatokea kushoto. Huku wanashika kushoto, wanazunguka kufuata mshale wa saa, na la kukugonga linatokea kulia. Hilo kila mtu anaambiwa. Asichoambiwa ni habari ya usukani.

Magari mengi ya Goma na Bukavu yalitoka Japani yakapitia Mombasa au Dar es Salaam, usukani uko kulia. Kwa hiyo ukikaa ndani ya gari la Uingereza mwili unatulia, unaona kila kitu kiko mahali pake. Lakini kwenye kiti hichohicho, kwetu mkono wako wa kulia kuna mtaro. Huku kuna gari linalokuja. Ukishtuka ukakwepa kwa mazoea, unakwenda uso kwa uso na mwenzako. Huku kukwepa ni kushoto. Faida ipo pia: kwenye mzunguko, gari unalopaswa kuliachia njia linakuja upande wa dirisha lako, unaliona wazi, wakati kwetu unachungulia kupitia kifua cha abiria. Ndugu wa Lubumbashi waliovuka mpaka wa Kasumbalesa wakaendesha hadi Kitwe, Zambia, wameshaonja mabadiliko hayo.

Sasa mzunguko wenyewe. Kibao chake kinakuja mapema, kimechorwa duara lenye matawi. Hesabu njia za kutokea kuanzia kushoto kwako: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Leni unaichagua hapo, kabla ya kufika. Unatoka ya kwanza kushoto? Washa taa ya kushoto, shika leni ya kushoto, baki nayo. Unakwenda mbele moja kwa moja? Usiwashe taa yoyote unapokaribia, shika leni ya kushoto isipokuwa mishale ya lami inasema vingine, kisha washa ya kushoto ukishapita njia iliyo kabla ya yako. Unakwenda kulia au unarudi ulikotoka? Taa ya kulia, leni ya kulia, na ukishapita njia iliyo kabla ya yako unabadilisha taa kuwa ya kushoto, unatazama kioo cha kushoto kama kuna baiskeli au pikipiki, ndipo unatoka. Taa hiyo ya kutokea ndiyo watu wetu wanayoisahau kuliko zote, kwa sababu kwetu honi inafanya kazi yake. Huku honi haikupi njia.

Karibia kwa gia ya pili. Kama kulia ni kweupe, ingia bila kusimama. Kusimama bila sababu nako kunaandikwa kosa. Kama kuna gari, ngoja nyuma ya mstari uliokatikakatika. Na kabla ya kukanyaga mafuta tazama tena mbele: aliye mbele yako huenda ameghairi, na wewe uliyekuwa unatazama kulia unampiga nyuma. Lori refu likishika leni mbili, liachie, linahitaji nafasi hiyo ili ligeuke.

Sheria ya kumpisha aliye ndani ilitiwa nguvu Uingereza mwaka 1966. Kabla ya hapo anayeingia alimzuia anayetaka kutoka, duara likajifunga lote. Aliyewahi kukwama jioni kati ya wamotari wa pikipiki, daladala na chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, anaijua hali hiyo bila kuelezwa, na kwa kweli sheria hii moja ingetusaidia sana Goma.

Kuna mizunguko midogo ambayo ni duara jeupe lililopakwa tu kwenye lami. Usipite juu yake eti kwa sababu hakuna kitu cha kugonga; lizunguke, na mpishe wa kulia vilevile.

Ukikosa leni, usikate mbele ya mtu. Zunguka tena, hakuna faini ya kuzunguka mara mbili. Au toka njia isiyo yako, ugeukie mbele.

Mnaojiandaa kuja, permi (leseni ya udereva) ya Kongo inakubaliwa miezi 12 tangu uanze kuishi huku, na haibadilishwi kuwa ya Uingereza. Kwetu tunajua permi nyingi zinavyopatikana. Huku njia hiyo haipo. Unaomba permi ya mwanafunzi, pauni 34 mtandaoni, kisha mtihani wa nadharia, pauni 23: maswali 50, upate 43, na sehemu ya video ya kutambua hatari, alama 44 kati ya 75. Hakuna Kifaransa wala Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza cha barabarani mkianze mkiwa bado Bukavu. Mizunguko nayo nendeni kuifanyia mazoezi Jumapili asubuhi na mapema, magari yakiwa machache, mzunguko uleule mkiuingia kutoka kila upande. Na kwa kuwa bado ni mwanafunzi, awepo pembeni mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye ana permi kamili inayokubaliwa huku na amekuwa nayo kwa miaka 3 au zaidi, bima ikiwa na jina lako, na vibao vyeupe vyenye L nyekundu mbele na nyuma.