Kuweka na kuondoa build-essential bila kumaliza bando

Kompyuta za Ubuntu zikiwa kadhaa hapa Kisumu, pakua mara moja tu: sudo apt update, kisha sudo apt-get install --download-only build-essential (kifurushi kinacholeta zana za kujenga programu, kama gcc na make). Faili za .deb hukaa /var/cache/apt/archives. Zinakili kwa flashi, na kwenye mashine nyingine yenye toleo lilelile uandike sudo apt install ./*.deb ukiwa ndani ya folda ya flashi yenye faili hizo. Matoleo yakitofautiana, utegemezi (vifurushi vinavyohitajiana) utagoma.

Kuondoa ndiko huwachanganya wengi. sudo apt remove build-essential hutoa kifurushi-jina tu, yaani kile kinachoita vingine. Gcc na make hubaki hadi sudo apt autoremove, nayo huziondoa pale tu zilipoingia kama utegemezi, si zilipowekwa kwa ./*.deb. Soma orodha kabla ya kubonyeza Y! Ukiona dkms humo, acha: huenda ndiyo inayojenga draiva ya waifai yako kila kerneli (kiini cha mfumo) inapobadilika.