Bibi wa Pangani, bibi wa Rombo: nilivyotengeneza kitabu cha picha cha mwanangu

Kila niliyemwambia natengeneza kitabu cha picha aliniuliza mafunzo yake ni nini. Mmoja akasisitiza nimtie sungura. Mwalimu mmoja wa siku nyingi akasema maneno yajae, kwani mzazi hawezi kutoa hela yake kwa mistari miwili kila ukurasa. Sikumfuata hata mmoja, na leo watoto wa mtaani kwetu wanakigombania hicho kitabu mpaka pembe zimechakaa.

Mwanangu ana bibi wawili. Mama yangu yuko Pangani, anakuna nazi na kulala akisikia bahari. Mama mkwe yuko Rombo, anapika mtori, Kilimanjaro iko juu yake. Hawajawahi kutembeleana, kwa hiyo mjukuu ndiye anayewapelekea habari. Likizo moja mama alimuuliza kama ule weupe wa mlimani ni chumvi. Hadithi nzima ilizaliwa hapo: mtoto anapanda basi na chupa ya maji ya bahari, akamwonjeshe bibi wa Rombo.

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa ikatoa kurasa 16, na karatasi mbili kama hiyo hukamilisha kitabu. Nyumbani ni rahisi: chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati kwa pamoja, piga pini mgongoni. Hicho kidaftari kilinifundisha kuliko washauri wote.

Chukua pale bibi anapoonja. Niliandika kwamba aliyanywa, akashtuka kwa chumvi, akakunja uso, na picha ya uso uliokunjamana ikawa pembeni ya maneno hayohayo. Nikawasomea watoto. Kabla sijafungua mdomo walishaona kila kitu, wakaanza kuchezea viatu. Nikahamisha. Ukurasa wa kulia, bibi ameinua chupa: “Bibi akaonja…” Basi. Ukigeuza unakutana na uso wake umejaa kurasa mbili, bila neno hata moja. Watoto walipiga kelele jirani akachungulia! Wakataka nirudi nyuma nigeuze tena, na tena. Tangu hapo kila jambo la kustaajabisha nikalificha nyuma ya ukurasa wa kulia.

Kisha nikasoma huku picha nimezifunika kwa kanga, halafu nikaonyesha picha nimenyamaza. Neno lolote ambalo picha imeshalisema nililifuta. Maneno yalipungua zaidi ya nusu.

Ndani ya basi abiria anamuuliza mtoto, “Wewe ni mtu wa wapi?” Hapo walinibana sana niandike jibu zuri la kizalendo. Nikakataa. Mtoto wangu anatazama tu nje dirishani, milima ya Upare inapita, chupa iko mapajani. Nikisoma ukurasa huo wasikilizaji hujibu wenyewe. Mmoja alisema, “Wa kwa bibi.” Hakuna mtu mzima angeniandikia jibu hilo.

Picha alichora kijana wa Tingatinga, sanaa aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Wachoraji wake hutumia rangi za mafuta zinazong'aa, nazo kamera hazizipendi: taa moja tu, picha yote inameremeta. Zipige barazani kivulini, asubuhi yenye mawingu, bila flashi.

Mtamboni bahari ya Pangani ilitoka ya kijivu. Kwenye skrini rangi ni mwanga, kwenye karatasi ni wino wa aina nne, na buluu kali ndiyo huumia zaidi. Mwenye mtambo akanituliza eti watoto hawajali. Wanajali! Nikamwomba achape ukurasa mmoja wenye vipande vya buluu, hafifu hadi nzito, nikaja na mchoro wenyewe dukani, tukalinganisha mlangoni kwenye mwanga wa jua mpaka tukaipata ile ya bahari.

Nakala za kwanza zilikula laki kadhaa, na fungu kubwa lilikwenda kwa mchoraji. Mlipe yeye kabla ya mtambo, na jina lake likae jaladani sambamba na lako. Watoto wanaokishika hawajui kusoma bado; wanachokisoma ni kazi yake.