Wavivu wa Saa Nane Mchana

Tulipopita Mtito Andei, abiria aliyeketi mbele yangu kwenye Madaraka Express, treni ya Nairobi hadi Mombasa, alikuwa bado na hoja ileile: watu wa pwani ni wavivu. "Ukifika utajionea. Saa nane mchana, wote wako barazani."

Nilimwambia atazame tu treni tuliyopanda. Kabla ya 2017 safari hii ilikuwa ya kulala njiani. Sasa ni saa tano au sita. Dereva hakuongeza bidii, aliongezewa reli. Akacheka, akafungua biskuti zake.

Miritini, kituo cha mwisho, nikadandia matatu. Pale Changamwe kreni za bandari ya Kilindini huonekana zikiinua makontena, na kontena la futi 20 hubeba zaidi ya tani 20. Mtu mmoja amekaa juu kwenye kibanda, anavuta vishikio, na dakika chache baadaye mzigo uko chini. Halafu nenda Kongowea sokoni.

Nilienda alfajiri. Mahamali walikuwa wanasukuma mikokoteni ya vitunguu na viazi, shingo zimewatoka mishipa. Kwa jasho hawana mpinzani bandarini. Kwa tani, hesabu ni nyingine kabisa. Mmoja alipotua mzigo nikamweleza maneno ya yule abiria.

"Mimi naanza saa tisa za usiku, ndugu yangu. Jua likipanda nishamaliza. Hiyo saa nane anionayo barazani, yeye alikuwa wapi mimi nikitoka nyumbani?"

Wakoloni nao waliimba wimbo huohuo wa uvivu. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa bandari na wa reli wakiwemo, na mji ukasimama. Kama hawakuwa wakifanya kazi, kilichosimama ni nini?

Ulaya hawajambo kwa dhana hizi. Wakati wa msukosuko wa madeni ya Ugiriki, Wagiriki waliitwa wavivu, hasa huko Ujerumani. Takwimu za OECD, shirika la kiuchumi la nchi nyingi tajiri, zasema vingine: Mgiriki hufanya kazi zaidi ya saa 1,800 kwa mwaka, Mjerumani chini ya 1,400. Ila saa moja ya Mjerumani huzaa thamani takribani mara mbili. Tofauti hiyo iko kwenye mashine, mafunzo, ukubwa wa kampuni na aina ya bidhaa. (Na vipimo vyenyewe si msahafu: tija ya Ireland, yaani thamani inayozalishwa kwa saa ya kazi, huvimba kwa sababu kampuni kubwa za kigeni huandikisha faida zao kule.)

Basi nikamwuliza yule hamali angetaka nini. Hakufikiri hata kidogo: tuktuk ya mizigo. Kazi ya asubuhi nzima angeimaliza kwa saa moja, kisha atafute wateja Nyali na Bamburi.

"Sasa mbona hukopi?"

"Benki wataka hati ya ardhi. Nyumba ya Kisauni ni yetu, marehemu baba ndiye aliyeijenga, lakini kiwanja si chetu. Mwenyewe twamlipa kodi kila mwezi."

Mpango huo, nyumba ya huyu juu ya ardhi ya yule, ni wa kawaida Mombasa tangu enzi za babu zetu. Yule abiria hakuutaja hata mara moja, kutoka Nairobi hadi Miritini.